Kwanza Itafute Kamera: Kusaka Video za Maafa Zilizopotea

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 1992, ndege ya mizigo ya El Al iliangukia maghorofa ya Bijlmermeer, Amsterdam, na watu 43 wakafa. Miezi kama 10 baadaye watafiti wa Kiholanzi wakawauliza watu 193 swali la mtego: je, uliiona kwenye televisheni ile video ya ndege ikigonga jengo? Asilimia 55 walijibu kwamba wameiona. Wengine walieleza hata ndege iliingia kwa pembe gani na moto ulishika baada ya muda gani. Video hiyo haikuwepo. Kamera za televisheni zilifika jengo likiwa limeshapasuka na linawaka. Watu walikuwa wameona moshi, vifusi na michoro ya studio, wakasikia simulizi za walioshuhudia, na akili ikashona vipande hivyo ikapata filamu yake yenyewe.

Utafiti huo unafaa kubandikwa ukutani na kila anayesaka video za maafa, kwa sababu misako mingi huanzia hapo hapo: mtu anakumbuka aliiona utotoni, kwenye taarifa ya habari, mara moja tu, haikurudiwa tena. Hasemi uongo. Ila anayokumbuka ni picha ya kichwani mwake, na picha ya kichwani haina mahali inapohifadhiwa. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "video iko wapi?" Liwe: nani alikuwa na kamera, kamera ya aina gani, alisimama wapi, na ilikuwa imewashwa? Ukikosa jibu hapo, miezi sita ya kuperuzi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Je, lenzi ilikuwepo?

Hindenburg, puto kubwa la abiria la Ujerumani lililoungua likitua, ni mfano wa kufundishia. Tarehe 6 Mei 1937 wapiga filamu wa kampuni nne za habari walikuwa Lakehurst, New Jersey, wakisubiri puto hilo litue. Watu 36 walikufa mbele yao. Pamoja na kamera zote hizo, hakuna filamu ya habari iliyonasa moto ulipoanza, kwa kuwa kutua kwa puto lilikuwa jambo la polepole na hakuna aliyepoteza filamu kwa kupiga kila sekunde. Sauti maarufu ya Herbert Morrison, ile ya kilio, nayo haikuwa matangazo ya moja kwa moja. Ilirekodiwa kwenye sahani ya santuri kwa ajili ya redio ya WLS ya Chicago, ikarushwa baadaye, na wahariri wakaja kuibandika juu ya filamu. Mtu anayetafuta "matangazo halisi ya Hindenburg, picha na sauti pamoja" anatafuta nguo iliyoshonwa na fundi miaka baada ya mwenyewe kuondoka.

Tenerife, 27 Machi 1977: ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, wakafa 583. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba marubani hawakuonana mpaka sekunde za mwisho kabisa. Zipo picha za mabaki na za uokoaji. Za mgongano wenyewe hazipo. Kila klipu inayodai kuuonyesha ni igizo au ni programu ya kuendeshea ndege kwenye kompyuta.

Halafu kuna "video ya ndani ya chumba cha rubani". Visanduku vyeusi vya ndege za abiria hurekodi sauti na takwimu za mwendo wa ndege, si picha. Hata hiyo sauti haipatikani ovyo: sheria ya Marekani inaizuia bodi ya uchunguzi, NTSB, kuitoa hadharani, na kinachotoka ni maandishi yake. Zipo sauti zilizovuja au kuchezwa mahakamani, lakini ukiona klipu ya ajali iliyotokea juzi yenye kelele za rubani safi kabisa, bila mngurumo wa injini, bila king'ora, ujue ni studio.

Wakati mwingine kamera ilikuwepo lakini haikufika mwisho. Chombo cha angani cha Columbia kilipovunjika tarehe 1 Februari 2003, kati ya mabaki ilipatikana kanda ya ndani, dakika kama 13, na NASA wakaitoa mwezi huo huo. Inakatika dakika kadhaa kabla ya msiba kwa sababu sehemu iliyobaki iliungua. Bado kuna watu wanaodai "iliyokatwa" imefichwa. Kanda iliyoungua haifichwi.

Njia ya haraka ya kuchuja madai ni umri wa vifaa. Betamax iliingia sokoni mwaka 1975, VHS mwaka 1976 huko Japani na mwaka uliofuata Marekani. Kabla ya hapo mashine ya kurekodi televisheni nyumbani ilikuwa kitu cha nadra na cha gharama kubwa. Kwa hiyo mtu akidai baba yake alirekodi kipindi cha asubuhi cha kituo kidogo cha mkoa mwaka 1974, mwombe aina ya mashine kabla hujamwomba kanda. Kamera ya mkononi yenye kinasa ndani yake ilianza mwaka 1983. Filamu ya Super 8, iliyotoka 1965, kwa kawaida huja kwenye kasha la futi 50: kwa fremu 18 kwa sekunde unapata dakika 3 na sekunde 20, basi. Mtu akikuambia ana dakika 10 za Super 8 bila kukata, kwa kawaida ama ana makasha matatu yaliyoungwa, ama hana kitu. Filamu ya Zapruder ya kuuawa kwa Kennedy, ambayo watu huikumbuka kama ndefu, ina fremu 486, sekunde 26 na kidogo.

Kanda ilikwenda wapi

Ukishathibitisha kwamba mtu alipiga, fuata mkono kwa mkono. Nani aliishika siku ile, nani wiki ile, nani alipewa kwa risiti. Filamu ya Orville Nix, aliyepiga tukio lile lile la Dallas kutoka upande wa pili, haikupotelea kwa mwenyewe. Nakala asili ilipotelea mikononi mwa waliokabidhiwa, na mara ya mwisho kuonekana kwenye kumbukumbu ni mwaka 1978, ilipokuwa kwa kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza mauaji hayo. Tunazoziona ni nakala. Hiyo ndiyo maana ya neno "imepotea" kwa anayelitumia kwa uangalifu: ilikuwepo, inajulikana ilipoishia, na baada ya hapo nyayo zinakatika.

Vituo vya televisheni vilifuta kanda. Kanda pana za inchi 2 zilikuwa ghali na zilitumika tena na tena, na taarifa ya habari ya jana haikuonekana kuwa hazina. Kilichosalia mara nyingi kimesalia kwa mkaidi mmoja. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilianza kurekodi taarifa za usiku za mitandao mikubwa ya Marekani tarehe 5 Agosti 1968 na hakijaacha. Marion Stokes wa Philadelphia alirekodi televisheni nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 2012. Kanda zake, zaidi ya 70,000, zilikwenda Internet Archive, hifadhi ya kidijitali ya mtandaoni. Ukitafuta matangazo ya Marekani ya miaka hiyo, anza na hizo mbili kabla ya kumsumbua mtu yeyote.

Ukiandikia hifadhi, usitaje jina la msiba peke yake. Hili ndilo kosa linalokwamisha barua nyingi. Aliyeandika lebo ya kanda aliandika siku ile ile, na siku ile msiba ulikuwa haujapata jina. Asubuhi ya Septemba 11 hakuna aliyeandika "9/11" kwenye kanda. Aliandika moto, jengo, ndege, na jina la mpiga picha. Tafuta kwa maneno ya saa ya kwanza: mtaa, barabara, aina ya ajali, tarehe kwa mpangilio wa nchi hiyo. Barua inayojibiwa huwa na sura hii:

*Naomba kipande cha taarifa ya saa 12 jioni, Jumanne, tarehe tajwa. Moto bandarini, ripota amesimama upande wa reli, nyuma yake kuna kreni mbili. Urefu kama sekunde 90. Huenda ni kanda ya U-matic ya robo tatu inchi. Kama haipo, nisaidie kama kitabu cha kumbukumbu za kanda cha mwezi huo kimesalia.*

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Kanda inaweza kuwa imefutwa lakini kitabu kipo, na kitabu kitakuambia nani aliiazima.

Hifadhi nyingine ni mahakama na tume za uchunguzi. Wachunguzi wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, walikusanya video na picha nyingi mno za minara ya New York, na nyingi zilitoka hadharani baada ya watu kuziomba kwa sheria ya uhuru wa habari. Moto wa ukumbi wa The Station, Rhode Island, 20 Februari 2003, ulioua watu 100, ulirekodiwa tangu cheche ya kwanza kwa sababu mpiga picha wa televisheni alikuwemo akiandaa kipindi kuhusu usalama wa kumbi. Pale hakuna cha kusaka: kanda ilikuwa ushahidi toka siku ya kwanza, na namba ya kesi ndiyo ufunguo.

Mahali penye mavuno kuliko pote ni kabati la mtu wa kawaida. Video za nyumbani za chombo cha angani cha Challenger, kilicholipuka sekunde 73 baada ya kuruka tarehe 28 Januari 1986, ziliendelea kujitokeza miaka zaidi ya 20 baadaye. Mwaka 2024 mtu mmoja alipandisha mtandaoni video yake safi ya mnara ukianguka New York, iliyokaa kwake karibu miaka 23. Hawa hawakuficha. Walidhani wengine wanayo bora zaidi. Kwa hiyo tangazo lako lisiseme "tunatafuta video adimu". Wenye nayo hawajui kwamba ni adimu. Sema: "kama ulikuwa na kamera siku hiyo, hata kama ulipiga moshi tu, tazama makasha yako."

Akijitokeza, mwambie asiicheze kanda kwanza. Kanda za U-matic na nyingine za miaka ya 70 na 80 hufyonza unyevu, gundi inayoshika unga wa sumaku inalainika, na ukiicheza inanata kwenye kichwa cha mashine na kubanduka. Mafundi huipasha kwa joto la nyuzi kama 50 hadi 54 kwa saa nyingi katika tanuri la maabara linaloshika joto bila kupanda na kushuka, kisha huinakili mara moja ingali imara. Tanuri la jikoni hupanda na kushuka joto, hilo litaimaliza. Na filamu ikinuka siki, acetate yake, yaani plastiki iliyotengenezewa, imeanza kuoza: ipelekwe haraka mahali baridi na pakavu.

Kilichopotea mtandaoni kina ugonjwa wake. LiveLeak, tovuti ya kuwekea video, ilifungwa Mei 2021. Mwaka 2017 mashine za YouTube zilifuta maelfu ya video za vita vya Syria zikidhani ni propaganda, na waliokuwa wameshapakua nakala ndio waliookoa ushahidi. Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, mara nyingi ina ukurasa lakini haina video yenyewe. Usikate tamaa hapo. Video ya YouTube ina utambulisho wa herufi 11. Utafute huo ndani ya alama za kunukuu, bila anwani nyingine yoyote. Utapata majadiliano ya zamani, kichwa cha awali, jina la aliyepandisha, na pengine mtu aliyeipandisha tena kwingine. Kichwa cha awali kikiwa cha Kirusi au Kijapani, endelea kwa lugha hiyo. Anayetafuta tsunami ya Japani kwa Kiingereza peke yake anaona zilizonakiliwa mara ya nne.

Umeipata. Sasa iweke pembeni uikague

Kabla ya kutazama mara ya pili, hifadhi. Ukurasa uende Wayback, faili lipakuliwe kwa yt-dlp, programu ya kupakua video, pamoja na maelezo yake (chaguo la `--write-info-json`), kisha piga hesabu ya SHA-256 ya faili na uiandike. Namba hiyo ni alama ya kidole: baiti moja ikibadilika, namba yote inabadilika. Nakala ya kwanza usiiguse tena. Fanyia kazi nakala ya nakala. Mwongozo wa Berkeley wa mwaka 2020 kuhusu uchunguzi wa kidijitali umesimama juu ya tabia hiyo hiyo, na wanaoidharau hujikuta na klipu nzuri ambayo kiungo chake kimekufa na hawawezi kuthibitisha ilitoka wapi.

Kisha toa fremu kwa ffmpeg, programu ya kuchakata video:

`ffmpeg -i nakala.mp4 -vf fps=2 fremu_%04d.png`

Hiyo inakupa picha mbili kwa kila sekunde. Chagua zile zenye vitu visivyosogea: paa, mlima, bango, nguzo. Zipitishe kwenye Google Lens, Yandex na TinEye, mashine za kutafuta kwa picha, zote tatu, maana kila moja ina macho yake. Fremu ya moto mtupu haina faida. Kila moto unafanana na moto. Kata mistari myeusi, nembo na maandishi yaliyobandikwa kabla ya kutafuta, na geuza picha kushoto kulia ujaribu tena. Wanaoiba klipu huigeuza ili mashine zisiitambue. Dalili ya kugeuzwa: namba za gari zinasomeka nyuma mbele, vifungo vya shati viko upande usio wake, usukani umehamia upande wa pili.

Tarehe ya kupandishwa unaweza kuichimba hata ukurasa ukiificha. Namba ndefu kwenye kiungo cha TikTok imebeba saa ndani yake: igawe kwa 4,294,967,296 na sehemu nzima ya jibu ni sekunde tangu mwanzo wa 1970. Namba ya mfano, 7000000000000000000, inatoa 1629814505, yaani 24 Agosti 2021, 14:15:05 UTC. Kwa chapisho la X (zamani Twitter), namba yake igawe kwa 4,194,304, ongeza 1,288,834,974,657, unapata milisekunde. Ni kwa machapisho ya kuanzia Novemba 2010. Hesabu hii haikuambii video ilipigwa lini. Inakuambia haikupigwa baada ya hapo, na mara nyingi hiyo inatosha: klipu "ya jana" iliyopandishwa miaka mitatu iliyopita imeshajimaliza.

Metadata, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, nayo isomwe kwa programu za ExifTool au MediaInfo, lakini kwa mashaka. Mitandao mingi huifuta. Jina la faili kama VID-20200804-WA0012 linaonyesha siku faili lilipopita kwenye WhatsApp ya simu fulani, wala si siku ya kupigwa. Tarehe ikisoma 1 Januari 1904, si laana wala mzimu: faili za aina hiyo huhesabu muda kuanzia siku hiyo, na sehemu imeachwa sifuri. Kila mwaka hutokea mtu anayeitangaza kuwa ugunduzi.

Mahali na saa vinathibitishwa kwa mikono. Linganisha paa na barabara kwenye picha za setilaiti za zamani ndani ya Google Earth Pro, si za leo, maana jengo la leo huenda halikuwepo. Kivuli kikiwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, jua liko nyuzi 45. Tovuti ya SunCalc itakuambia lilikuwa hapo saa ngapi mahali hapo siku hiyo. Kivuli kinachoelekea upande usiowezekana kimeua madai mengi kuliko programu yoyote.

Sauti huwa inasahaulika, na ndiyo shahidi mgumu kumhonga. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Video ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, yaani kama mita 14 za sauti. Mlipuko ulio kilomita moja mbali unapaswa kuonekana karibu sekunde 3 kabla ya kusikika. Hesabu fremu kati ya mwanga na mlio. Katika mlipuko mkubwa mno, kama ule wa bandari ya Beirut wa 4 Agosti 2020, wimbi la karibu hukimbia kuliko sauti ya kawaida, kwa hiyo hesabu yako itatoa umbali mfupi kidogo kuliko wa kweli, hilo linavumilika. Lisilovumilika ni mwanga na mlio kufika pamoja wakati ghala liko mbali upeoni. Hapo kuna mtu ameisogeza au ameibandika sauti. Beirut hiyo hiyo ilizaa klipu zenye kombora: mtu alichukua video halisi, akageuza rangi zake ziwe kama za joto, akachora kombora. Video ya asili, fremu kwa fremu, haina kitu angani.

Kanda bandia zenye sura ya uzee

Hizi zimeongezeka, na wengi hudanganyika kwa sababu uchafu wa picha unawafanya waamini. VHS halisi ina tabia zake. Chini kabisa ya picha kuna mistari michache iliyopinda, pale vichwa vya mashine vinapobadilishana. Kwenye televisheni za zamani ilijificha nyuma ya fremu ya kioo. Waigizaji huiweka katikati, kwa kuwa inapendeza. Rangi nyekundu ya VHS huvuja kwenda pembeni kwa sababu rangi imerekodiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga. Kwenye bandia, rangi imekaa ndani ya mipaka na chenga zimemwagwa juu tu. Tazama chenga zenyewe: zichukue fremu za sekunde ya 1, ya 5 na ya 9, ziweke sambamba. Ukiona doa lile lile mahali pale pale linarudi, ni pazia la dijitali linalojirudia. Kanda haijirudii.

Halafu uliza fremu ni ngapi. Marekani na Japani walitumia mfumo wa fremu 29.97 kwa sekunde, kila moja ikiwa nusu mbili zilizosukwa. Sehemu kubwa ya Ulaya 25. Kitu kinachokwenda kasi kwenye kanda halisi isiyosafishwa kina meno kama ya kitana pembeni. Klipu ya "kamera ya nyumbani, Florida 1986" yenye fremu 25 safi bila meno ina maswali ya kujibu. Inawezekana ilibadilishwa mfumo ikienda Ulaya, lakini basi kutakuwa na fremu zenye vivuli viwili viwili, na mtu aeleze ilipitia wapi.

Udanganyifu rahisi hauhitaji hata hayo. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, wenye majumba ya sinema walionyesha filamu ya meli pacha, Olympic, wakiwa wamekwaruza majina kwenye filamu ili yasisomeke. Ukitazama fremu hizo leo unaziona zile alama nyeupe zikicheza juu ya ubavu wa meli za kuvuta. Mwaka 2009, baada ya ndege ya Air France 447 kuanguka Atlantiki na watu 228, kituo kimoja cha televisheni kilionyesha "picha za ndani ya ndege" zilizotoka kwenye tamthilia ya Lost. Klipu za mchezo wa kompyuta wa Arma 3 zimetumika kama vita halisi mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2022 watengenezaji wenyewe walitoa mwongozo wa kuzitambua.

Kazi iliyofanywa vizuri kuliko zote katika miaka ya karibuni labda ni ile ya MH370. Ndege hiyo ya Malaysia Airlines ilipotea 8 Machi 2014 na watu 239. Mwaka huo huo zilipandishwa video mbili zikiionyesha, eti kutoka setilaiti na ndege isiyo na rubani, ikizungukwa na mipira ya mwanga na kutoweka. Zikafufuka Agosti 2023 na kubishaniwa na maelfu: setilaiti gani, pembe ipi, joto kiasi gani. Waliozimaliza hawakugusa setilaiti. Mmoja aliutambua mwako wa mwisho ndani ya mkusanyiko wa zamani wa madoido ya filamu uitwao Pyromania. Kisha mawingu yakapatikana, wingu kwa wingu, kwenye picha za kuuzwa zilizopigwa angani Japani mwaka 2012. Walitafuta kamera iliyopiga yale mawingu, wakaikuta ilikuwa kazini miaka miwili kabla.

Video za akili unde ndizo ngumu zaidi sasa, na ushauri wa kuhesabu vidole vya watu waliomo umepitwa. Kinachobaki ni hoja ya wingi: msiba wa mchana, mahali penye watu, unapigwa na simu nyingi. Video moja tu, isiyo na pembe ya pili, isiyo na mtu anayejibu ujumbe, na ambayo gari jekundu linalopita ndani yake halionekani kwenye video nyingine ya dakika hiyo hiyo, iache kwenye kundi la "haijathibitishwa" hata kama imekuvutia.

Milango iliyofungwa kwa makusudi

Si kila isiyoonekana imepotea. Christine Chubbuck, mtangazaji wa Sarasota, Florida, alijitoa uhai hewani tarehe 15 Julai 1974. Mwaka 2016 mjane wa aliyekuwa mmiliki wa kituo alisema kanda ilikuwa kwake na ameikabidhi kwa wanasheria iwe salama. Basi msako umekwisha: inajulikana iko wapi na kwa nini haitoki. Picha za kifo cha Steve Irwin, mtangazaji wa wanyamapori wa Australia, Septemba 2006, zilikwenda polisi wa Queensland, na Januari iliyofuata iliripotiwa kwamba nakala zimeharibiwa. Ya Dawn Brancheau, mkufunzi wa nyangumi Orlando mwaka 2010, ilizuiwa na mahakama. Ya Timothy Treadwell, aliyeuawa na dubu, Alaska 2003, haina picha kabisa: kifuniko cha lenzi hakikutolewa, ni sauti ya dakika kama 6 tu, na haijawahi kutolewa. Kila kinachouzwa kama hicho ni cha kuigiza.

Kuendelea kuzisumbua familia baada ya hapo si utafiti, na hakuna hifadhi inayoheshimika itakayokupa ushirikiano ikijua unafanya hivyo.

Nyingine zimefungwa na sheria. Video ya shambulio la misikiti ya Christchurch la 15 Machi 2019, msiba wa watu 51, ni kosa la jinai kuwa nayo New Zealand. Facebook waliondoa nakala milioni 1.5 katika saa 24 za kwanza. Kabla ya kupakua, jua sheria ya ulipo. Na viungo vinavyoahidi "video kamili" saa chache baada ya msiba kwa kawaida ni mitego ya kuiba nenosiri; video halisi huwa haiombi uingie upya kwenye akaunti yako.

Anayekagua kwa muda mrefu ajifunze kujikinga. Zima sauti kwanza, maana sauti ndiyo inayobaki kichwani usiku. Tazama fremu ndogo ndogo kabla ya kucheza, kwenye dirisha dogo, rangi zikiwa zimeondolewa. Ukishapata paa na kivuli unachohitaji, huna sababu ya kuimaliza.

Kinachobaki ni daftari, na humo ndimo misako mingi inakofia, kwa sababu watu huandika walichopata tu. Andika usichopata, kwa kipimo kile kile:

*Filamu ya mgongano, Tenerife 1977. Hali: hakuna ushahidi kwamba ilipigwa. Sababu: ukungu, hakuna kamera inayotajwa na shahidi yeyote. Klipu zilizokaguliwa: 9. Maigizo 4, programu ya ndege 3, picha halisi za mabaki zilizoandikwa kichwa kisicho chake 2. Fungua upya endapo tu atapatikana mtu anayetaja kamera.*